Salamu Nilizotumwa Kutoka Monapo

Hotuba ya binti wetu aliyetumwa na kanisa kwenda Monapo, Msumbiji, kwa mkutano wa vijana na wazazi, Masasi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa mashambani au safarini siku ile.

Baba Askofu, mapadri na masista, wazee wetu, akina mama, masheikh na ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, vijana wenzangu: Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Novemba 2021 wengi wenu mlinisindikiza stendi, saa kumi na moja alfajiri. Mama mmoja, namwona ameketi pale karibu na mlango, alinishika mkono, akanitia noti ya elfu kumi, akaniambia, "Mwanangu, nenda kawape Neno." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Na niliamini kabisa kwamba Neno limo ndani ya begi langu na watu wa kule wamekaa wanalisubiri. Nilipakia nini? Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kireno. Daftari la Kireno, nilichojifunza kwa miezi minne. Mkasi wa fundi, futi, na pakiti sita za sindano za cherehani. Nilikuwa na miaka 24.

Mama, leo naomba uniruhusu nikujibu upya. Sitajibu kwa neno moja. Nina saa nzima, nitajibu taratibu.

Njia fupi ya kwenda Msumbiji mnaijua nyote. Ni Mangaka, kisha Mtambaswala, kisha Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010 tukashangilia. Lakini ukilivuka uko Cabo Delgado, na Cabo Delgado ilikuwa vitani tangu Oktoba 2017. Hata upande wetu, watu wa Kitaya hawajasahau uvamizi wa Oktoba 2020. Kwa hiyo nilizunguka: Tunduru, Songea, Mkenda, nikavuka, Lichinga, Mandimba, Cuamba, halafu barabara ya mashariki kuelekea Nampula. Siku sita. Nilichoka mpaka nikaacha kuhesabu magari.

Lakini tulipokaribia Ribáuè nilifumbua macho nikaona milima ya mawe. Mawe matupu, makubwa, kila mmoja umesimama peke yake uwandani kama mtu aliyekataa kukaa. Nikajiuliza, jamani, si mlima wetu wa Mtandi huu? Si nyumbani? Chini yake mikorosho, mihogo, nyumba za udongo, mama amebeba mtoto mgongoni na kuni kichwani. Moyo ukatulia. Nikasema, hawa ni watu wetu, Wamakua kama mimi, kazi itakuwa nyepesi.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea.

Nilipangiwa kijiji kimoja cha wilaya ya Monapo, safari ya saa chache kutoka mjini Nampula kuelekea pwani. Jumapili ya kwanza nikasimamishwa nisalimie. Nikafungua daftari, nikasoma salamu zangu za Kireno nilizoziandika kwa siku mbili. Akina mama wameketi kwenye mikeka, wananitazama kwa adabu, kimya. Nikamaliza. Kimya. Kisha mtoto mmoja, pale mbele, akasema kwa sauti neno moja: "Mukunya."

Wamakua mlioko hapa mmeshaelewa. Mukunya ni mzungu.

Mimi! Mweusi wa Masasi, binti wa mkulima wa korosho, naitwa mzungu na mtoto wa Kimakua! Nikafunga daftari, nikakaa. Nikajaribu Kimakua changu cha hapa nyumbani, hiki tunachokichanganya na Kiswahili kila neno la tatu, nacho kikanipungukia. Wakacheka kidogo, cheko la upole. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Jioni ile, mwenye nyumba niliyofikia, bibi mmoja mzee ambaye sitamtaja jina maana jina lake ni lake, alinikalisha jikoni. Nitamwita Bibi wa Monapo. Akaniuliza jambo moja, polepole, na akalirudia mara tatu mpaka nikalishika. Aliniuliza nihimo langu ni lipi.

Nihimo ni ukoo. Nanyi mnajua, kwetu sisi Wamakua ukoo ni wa mama. Mtu anaweza kukuuliza jina lako akalisahau, lakini akijua nihimo lako amejua akuweke wapi, akulishe nini, nani asikuoe, na ukifa azikwe nani karibu yako. Ni swali la kwanza kabisa. Na mimi nilikuwa sina jibu. Nimesoma mpaka kidato cha sita, nimefundisha shule ya Jumapili, nimetumwa nchi ya watu nikawahubirie Wamakua, na ukoo wangu mwenyewe siujui. Naomba niwaulize vijana wenzangu, bila kunyoosha kidole kwa yeyote: ninyi mnaujua?

Kesho yake nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya shule, ndipo mtandao unaposhika, nikampigia bibi yangu hapa Masasi. Nikamweleza. Akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Miaka ishirini na minne hukuniuliza." Halafu akaniambia: "Sisi ni Mirole."

Nikashuka mbio. Nikamkuta Bibi wa Monapo anapepeta. Nikasema neno moja tu, "Mirole." Akaweka ungo chini. Akasimama. Akanishika mikono yote miwili, akaanza kuwaita majirani, mmoja mmoja kwa jina, na nilielewa alichokuwa anawaambia ingawa Kimakua chake kilikwenda kasi: mwanangu amerudi. Hakusema amekuja, alisema amerudi. Maana na yeye ni Mirole. Na Wamakua wote, wa huko na wa hapa, husema tumetoka Namuli, mlima ule mkubwa wa Zambézia wenye mita 2,419. Sisi wa Masasi ni watoto waliotangulia kuondoka.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita mukunya. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa asubuhi iliyofuata.

Mama, sikia jambo hili. Ukoo haukuwamo begini.

Miezi mitatu ya kwanza sikuhubiri. Nililima, nilichota maji, nilitwanga. Walimu wangu wa lugha walikuwa watoto wa kisimani, walimu wakali kuliko wote niliowahi kuwa nao, ukikosea matamshi wanakurudisha mwanzo. Niligundua kwamba maneno yetu yalikwisha kufika kule siku nyingi. Shamba wanaita machamba, na Wareno wenyewe walilichukua neno hilo wakalitia katika Kireno chao. Makuti ni makuti. Ugali wa makopa wanauita karakata, na ukiula na kisamvu cha karanga utasema uko Newala.

Na kila siku kabla ya alfajiri, gizani, nilimsikia Bibi wa Monapo akisali. Hakuwa na kitabu. Alimwita Mungu Muluku, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na mwenziwe wa siku nyingi, anamweleza mgongo unavyouma, mjukuu alivyotoroka shule, binti aliyefika kutoka Masasi ambaye hajui kutwanga. Nilikuwa nimelala mkekani, macho wazi. Nikajiuliza: hivi nani alimleta Mungu Monapo? Mimi? Na daftari langu?

Mzee mmoja wa kanisa alinisimulia. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 serikali mpya ilitaifisha shule na hospitali za misheni, na wamisionari wengi wakaondoka. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, mpaka mkataba wa amani ulipotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka yote hiyo kijiji chao kilipitisha misimu mizima bila kuona padri. Kanisa lilikuwa chini ya mkorosho. Walei walifundisha watoto, walizika wafu, walisoma masomo ya Jumapili kutoka kitabu kimoja kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi na kufukiwa ardhini askari wanapopita. Mzee alinionyesha mkorosho wenyewe. Akaniuliza kwa heshima kubwa, "Binti, nanyi kwenu mlisali wapi wakati wa vita?" Nikamjibu kwamba sisi hatukuwa na vita. Akasema, "Basi mshukuruni Mungu," akaendelea kupalilia.

Nilikwenda kumfundisha imani mzee yule.

Kuhusu mradi wa ushonaji sitachukua muda, taarifa yake ilisomwa hapa. Cherehani mbili za kukanyaga, akina mama kumi na mmoja, sare za shule. Wanaendelea vizuri na uzi wanajinunulia wenyewe. Sindano zangu pakiti sita zilikwisha katika miezi miwili, na mkasi niliwaachia.

Sasa naomba niwaeleze juu ya Gombe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 11 Machi 2022, kimbunga Gombe kilitua pwani ya Mossuril, wilaya jirani na yetu. Ilikuwa Kwaresima, wiki ya pili. Redio ilitangaza tangu juzi yake. Bibi wa Monapo alikwisha kufunga paa kwa kamba, amefukia mbegu kwenye pipa, ameingiza kuku ndani. Mimi nilidhani ni mvua ya upepo kama tunazozijua.

Ndugu zangu, sikuwahi kusikia sauti ile. Upepo haukuvuma, ulinguruma, kama lori la mizigo limeegeshwa mlangoni na dereva anakanyaga mafuta bila kuondoka. Saa tisa za usiku paa likaondoka. Liliondoka zima, mara moja, nikaona mbingu nyeusi mahali palipokuwa na makuti. Bibi alinivuta chini ya kitanda cha kamba, akanilalia juu. Ana miaka zaidi ya sabini, mwepesi kama mtoto, na alinilalia juu mimi mwenye nguvu. Ukuta wa udongo wa upande wa kaskazini uliloa, ukalala taratibu. Tulikaa vile mpaka kukapambazuka. Alikuwa anamtaja Muluku sikioni kwangu.

Asubuhi nilitoka nikaona jambo lililoniliza kuliko nyumba. Mikorosho. Ninyi watu wa Masasi, watu wa Newala na Tandahimba, watu wa Nachingwea na Ruangwa, mtanielewa. Mikorosho ya miaka arobaini imelala ubavu, mizizi juu, mmoja baada ya mwingine mpaka macho yanapoishia. Nilimwona mwanaume mzima amekaa juu ya shina la mkorosho wake, mikono magotini, haongei. Ada za watoto ziko pale. Mahari iko pale. Dawa ziko pale. Mnajua inachukua muda gani mche kuwa mti.

Kimbunga kile kiliua zaidi ya watu 60. Kanisa letu lilibaki kuta tatu. Mabati yake tuliyakuta bondeni yamekunjamana kama karatasi ya sigara. Madrasa ya kijiji nayo ukuta mmoja ulianguka na mwingine ukapasuka.

Na mimi nikajiambia: sasa ndiyo zamu yangu. Sasa ndipo nitakapohudumu. Sikilizeni nilivyohudumu. Siku ya nne nikashikwa na malaria, nikalala chini ya turubai siwezi kuinua shingo. Aliyenibeba kwenye baiskeli mpaka zahanati, kwenye tope, akisukuma kilomita kumi na kitu, alikuwa mvuvi Mwislamu ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa haina paa. Aliyenilisha uji ni yule mama ambaye nilimpigia kelele darasani kwa kupinda pindo la shati vibaya. Bakuli la kwanza la makopa lililofika kwa Bibi wa Monapo lilitoka kwa imamu. Msaada wa magari ulikuja, ndiyo, na tunaushukuru sana, lakini kabla ya gari lolote kufika, jirani alikuwa amekwisha kugawa nusu ya kile kidogo alichookoa.

Nani alikuwa mmisionari siku zile? Nauliza kwa nia njema kabisa. Nani alikuwa mmisionari?

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni, na aliyepona ni mimi.

Mwanzoni mwa Aprili ukaingia mwezi wa Ramadhani. Sisi tumo Kwaresima, wao wamo Ramadhani, kijiji kizima kimefunga. Wazee wakakaa chini ya mwembe uliosalia ili waamue wajenge nini kwanza. Nilishuhudia ubishi ambao sijawahi kuusikia mahali pengine. Imamu anasema lianze kanisa, maana Pasaka yenu i karibu. Mzee wetu wa kanisa anasema ianze madrasa, maana watoto wanasoma kila siku na ukuta ule utawaangukia. Wakabishana hivyo mpaka adhuhuri, kila mmoja anamtetea mwenzake. Hatimaye wakaanza na madrasa kwa ajili ya ule ukuta, na wiki iliyofuata wakahamia kanisani. Niliwaona vijana wa Kiislamu juu ya kenchi za kanisa, saa nane mchana, jua la utosi, wamefunga, hawajatia hata tone la maji mdomoni, wanapokea makuti kutoka kwetu. Pasaka ilikuwa tarehe 17 Aprili. Tulisali chini ya paa nusu. Ile nusu nyingine walimalizia kabla ya Idi, na Idi tukala pamoja.

Masheikh wetu mlioko hapa, niliahidi kule kwamba jambo hili nitalitamka mbele ya watu. Nimelitamka.

Na mikorosho? Hapo ndipo nilipopata cha kutoa. Baba yangu alinifundisha kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri na mche mchanga, tangu nikiwa darasa la sita, na yeye alijifunza kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele. Kisu kikali, kikonyo kutoka mti mzuri, mche wa kwenye kiriba, utepe wa nailoni, kivuli, subira. Utotoni niliichukia kazi ile, nilitaka kwenda kucheza. Kule Monapo vijana walinizunguka siku ya kwanza wanatazama vidole vyangu. Mmoja wao siku ya tatu alikuwa ananishinda. Nilipoondoka tulikuwa na miche mia na kitu iliyoshika, na baadhi imekwisha kwenda mashambani.

Mama pale mlangoni: na kisu cha kubebeshea nacho hakikuwamo begini. Kilikuwa mikononi, na sikujua.

Kuna habari moja zaidi, na hii ni nzito, naomba mnivumilie.

Jirani na kwetu, wilaya ya Meconta, kuna mahali panaitwa Corrane. Serikali ya kule imewapa viwanja watu waliokimbia vita ya Cabo Delgado, watu wa Mocímboa da Praia, wa Palma, wa Muidumbe, wa Quissanga. Kanisa lilikuwa linapeleka watu kusaidia, nami nikawa nakwenda Jumatano. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja mezani pa kuandikishwa. Karani anamuuliza kwa Kireno, mama kimya. Msaidizi anamuuliza kwa Kimakua, mama kimya. Karani, kwa kuchoka tu, akaandika kitu, akamwita anayefuata. Yule mama akageuka kwa mtoto wake aliyekuwa analia, akamwambia: "Nyamaza mwanangu, tutapata maji mbele."

Kwa Kiswahili. Kiswahili chenye lafudhi ya Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado, lakini Kiswahili.

Nikamfuata. Nikasema, "Shikamoo mama. Umetoka wapi?" Alinitazama. Akaniangukia kifuani, mimi nisiyemjua, na akaongea mpaka jua likazama. Alikuwa Palma tarehe 24 Machi 2021, siku mji ulipovamiwa. Walikimbilia msituni, yeye na watoto watatu. Mkubwa, mvulana wa miaka tisa, alishika mkono wa jirani katika giza, na kulipokucha jirani hakuwapo wala mtoto. Tangu siku ile hakuwa amempata mtu wa kumweleza jambo hilo lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mtu anaweza kukaa katikati ya maelfu ya watu na asiwe na wa kumwambia.

Tukaandikisha jina la mtoto upya, kwa herufi sahihi, kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu waliopotezana. Mpaka naondoka hakuwa amepatikana. Siwezi kuwasimulia mwisho mwingine. Naomba mumkumbuke mvulana huyo katika sala zenu, Mungu analijua jina lake.

Baada ya hapo wakaja wengi. Jumatano ikawa siku ya Kiswahili. Wengine walihitaji barua, wengine mkalimani wa hospitali, wengine walitaka tu kuzungumza na mtu asiyewakatiza. Mzee mmoja Mmakonde wa Mueda aliponisikia natoka Masasi alinyanyuka kwenye kigoda chake. Akasema, "Nachingwea mlitulisha mhogo." Alikuwa kijana wa FRELIMO kambini Nachingwea wakati wa vita ya ukombozi. Akanipigia saluti, machozi yanamtoka. Nikaipokea kwa niaba yenu, wazee wangu, maana mhogo ule mliutoa ninyi.

Na Kiswahili, je, nilikipakia? Nilikuwa nacho tu, kama mtu alivyo na pumzi.

Niliporudi nimekuwa nikiuliza wazee habari za kanisa letu hili, na nimezisikia kwa masikio mengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani Unguja, wakapanda mpaka hapa, wakajenga. Tukiisimulia habari hiyo tunamtaja Steere, tunamtaja Chauncy Maples, na ni haki yao. Lakini wale wengine? Waliokuwa wameuzwa, wakavushwa bahari, wakarudi kwa miguu wamebeba watoto na vyungu? Hao ndio waliokaa. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa, watu wakachukuliwa mateka, wengine wakahamia upande wa Newala. Sisi ni watoto wa wakimbizi wale. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyepita utumwani, akasoma mpaka Uingereza, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya Kianglikana, UMCA, hakukaa Unguja kula heshima. Alihudumu Chitangali, porini, kwa lugha ya watu wake. Huyo ni mmisionari kijana aliyetoka ng'ambo. Ni wetu. Watoto wetu wangapi wanalijua jina lake?

Baba Askofu, nimeambiwa kwamba tunatafuta vijana wengine wawili wa kwenda. Nawaombea ruhusa ya kukaa kwanza miezi mitatu kwa bibi zao. Wajue ukoo wao. Wajifunze Kimakua, Kimakonde au Kiyao, chochote walichopewa wakakiacha, wakijifunze hasa, si cha kuchanganya. Mwenye baba anayebebesha akabebeshe. Kireno watajifunza kule kule, watoto wa kisimani wapo. Na kanisa lisiwadai hesabu ya watu waliobatizwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza waacheni walime.

Nimebakiza jambo moja tu.

Siku ya kuondoka, Bibi wa Monapo alinipa kitu nilete. Alinifungia kwenye kitenge, wao wanaita kapulana, akanifundisha maneno ya kusema nacho, akanitahini mpaka nikayasema bila kukosea. Nimekaa nacho wiki tatu sijakitoa, kwa sababu aliniagiza nikitoe mbele ya watu.

Bibi, uko wapi? Naomba msaidieni bibi yangu asimame. Taratibu, hana haraka.

Bibi, ndani ya kitenge hiki kuna korosho kumi na mbili za mbegu, kutoka mkorosho mmoja wa Monapo ambao Gombe haikuuangusha. Aliyezituma ni Mirole. Anasema hajui uso wako, lakini mtoto uliyempelekea amefika, amekula, ameugua akapona, na sasa anamrudisha. Anauliza kama huku mvua zimeanza.